Kipupwe na betri ya sola: Nani apewe mwanga kwanza nyumbani?

Wazazi wengi wa Mbulu na Hanang hujiandaa kwa kipupwe kwa kutafuta masweta ya watoto, mablanketi na kuni kavu. Wachache hukumbuka betri ya sola. Hiyo huachwa palepale kwenye kona yake, na hukumbukwa usiku ule ambao taa zinakatika saa mbili, mtoto mkubwa akiwa katikati ya hesabu na mdogo wake anakohoa.

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku si ya mchezo. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, huweza kuamka umefunikwa na mawingu. Upande wa milima ya Mbulu kuna asubuhi ukungu unawasindikiza watoto hadi shuleni. Huku chini upepo unabeba vumbi. Mawingu, ukungu na vumbi, vyote vitatu vinakaa kati ya jua na paneli. Jioni nako watu wanaingia ndani mapema kwa sababu ya baridi, kwa hiyo taa zinawashwa mapema. Kinachoingia kinapungua, kinachotoka kinaongezeka.

Katika nyumba moja ya Getanuwas, wilayani Hanang, jambo hilo lilikaribia kuondoa amani ya ndoa.

Baba wa nyumba hiyo aliuza dume la ng'ombe akanunua paneli ya wati 50, betri ya maji ya volti 12 yenye ampea 50, taa nne, na kile kifaa kidogo cha ukutani ambacho mafundi hukiita kontrola. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha. Koroboi lilitupwa nyuma ya nyumba. Majirani wakaanza kuleta simu zao kuchaji, kila simu shilingi 300. Siku nyingine zilifika simu kumi na mbili. Pesa hiyo ilinunua sabuni, chumvi na madaftari, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Ikaja Juni. Kontrola ikaanza kuwasha taa nyekundu jioni na kukata umeme wenyewe. Baba akaamini kifaa kimeharibika. Kijana mmoja wa jirani akamwonyesha njia ya mkato: kuziunga nyaya za taa moja kwa moja kwenye betri, bila kupita kwenye kontrola. Usiku uleule mwanga ukarudi. Baada ya wiki chache taa zikawa hafifu kama macho ya mgonjwa, kisha zikazimika kabisa. Koroboi likaokotwa kule lilikotupwa.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mtoto wa miezi mitano aliyekuwa na mafua yasiyoisha, na binti wa darasa la saba aliyekuwa anasubiri mtihani wa Septemba. Binti alisoma uso wake ukiwa karibu na moshi wa mafuta ya taa. Mama alinyonyesha usiku akipapasa gizani, akiogopa kuwasha koroboi karibu na blanketi la mtoto.

"Baba watoto, hizi simu za watu zinakula mwanga wa mtoto," alisema mama siku moja wakiwa kwenye chakula.

"Na chumvi iliyo kwenye hii mboga imetoka wapi?" akajibu baba.

Wote wawili walikuwa na hoja. Ndiyo maana ugomvi huo ulichukua siku nyingi, na ndiyo maana unatokea katika nyumba nyingi zenye sola, hata zile ambazo hazijawahi kuusema kwa sauti.

Mwishowe aliitwa fundi kutoka Katesh. Alifika asubuhi kabla jua halijapata nguvu, akapima betri ikiwa imepumzika usiku kucha. Mita ilisoma volti 11.4.

Kwa mzazi asiyejua, namba hizo zina maana hii. Betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imebaki na kidogo sana. Ikisoma 11.4 imekwisha, na kila siku inayopita ikiwa hivyo inaharibika zaidi.

Ndani ya betri kuna mabamba ya madini ya risasi yaliyozama kwenye maji yenye asidi. Betri inapotoa umeme, utando wa salfati hujijenga juu ya mabamba hayo. Ikichajiwa mapema, utando huo huondoka na kurudi kwenye maji. Ikiachwa tupu kwa siku na wiki, utando hukauka na kuwa mgumu kama ukoko wa ugali uliolala kwenye sufuria, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Betri nyingi za majumbani hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa kulazwa njaa.

Ile taa nyekundu, kwa hiyo, haikuwa ubovu. Kontrola ilikuwa inafanya kazi yake: kuzuia betri isinyonywe hadi tone la mwisho. Kuiruka ni kumfunga mlinzi mdomo ili usisikie kelele zake.

Baridi yenyewe nayo ina mchango wake, ila si mkubwa kama watu wanavyodhani. Betri inayotoa uwezo wake wote katika joto la nyuzi 25 hupungukiwa na karibu moja ya tano ya uwezo huo ikifika nyuzi sifuri. Getanuwas haifiki huko. Katika nchi za theluji, wenye magari yenye vitanda na majiko ndani yake huyaegesha msimu wote wa baridi, na wamejifunza kwa hasara kwamba betri iliyoachwa tupu maji yake huganda kuwa barafu na kuipasua, wakati iliyojaa huvumilia baridi kali mno. Kanuni yao ni moja: usiingie msimu wa baridi na betri yenye njaa. Huku kwetu barafu haipo, lakini kanuni hiyo ni ileile.

Fundi alimwomba binti wa darasa la saba alete daftari. Hesabu zikafanyika mbele ya familia nzima.

Paneli ya wati 50 ikipata saa tano za jua kali hutoa wati-saa 250. Ukitoa zinazopotea kwenye nyaya, kwenye joto na ndani ya betri yenyewe, zinabaki kama 180 za kutumia. Siku ya mawingu, jua la maana likiwa saa mbili tu, zinabaki kama 70.

Kisha matumizi. Taa nne za wati 3 kwa saa nne ni 48. Redio ya wati 5 kwa saa nne ni 20. Simu janja moja hula kama 15, kitochi kama 5. Simu za majirani kumi na mbili, nusu janja na nusu vitochi, ni 120. Jumla ni 188.

Siku ya jua, nyumba ilikuwa inakula zaidi kidogo ya ilichoingiza. Siku ya mawingu ilikuwa inakopa 118 kutoka kwenye betri. Betri ya volti 12 na ampea 50 hubeba wati-saa 600, lakini ili idumu haifai kutumia zaidi ya nusu yake, yaani 300. Binti aligawanya mwenyewe. Siku ya tatu ya mawingu mfululizo, akiba halali imekwisha. Kuanzia hapo betri inajila yenyewe.

Bibi mzaa baba, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikiliza, alisema hayo si mageni kwake. Ng'ombe ukimkamua kila siku bila kumpeleka malishoni, maziwa yanakatika, na ukizidi kumkamua unamuua. Katika nyumba ya wafugaji hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kwanza nyaya zilirudishwa kwenye kontrola. Kisha betri ilipelekwa Katesh ikachajiwa kwa umeme wa gridi, polepole, kwa siku mbili. Ilirudi ikiwa hai, ila si kama ilivyokuwa. Fundi hakuwaficha: sehemu ya uwezo wake imeondoka na haitarudi, na itabidi waanze kuweka akiba ya betri nyingine baada ya mavuno yajayo.

Paneli nayo ilihamishwa. Ilikuwa imefungwa kwenye upande wa bati unaotazama kusini kwa sababu ndiko ilikuwa rahisi kupanda. Hanang iko kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana halipo utosini. Limeelemea kaskazini kwa karibu nyuzi 28. Paneli iliyoinamia kusini inaligeuzia mgongo katika miezi ileile ambayo mwanga ni haba. Sasa inatazama kaskazini, imeinama kidogo ili mvua iteleze, na hakuna kivuli cha mti kinachoigusa. Kazi ya kuifuta vumbi kwa kitambaa laini na maji, asubuhi kabla haijapata moto, alipewa kaka wa pili, na mtu mzima hushika ngazi.

Maji ya betri nayo yalikaguliwa. Yanatakiwa yafunike mabamba. Yakipungua, huongezwa maji safi ya betri yanayouzwa kwa mafundi. Maji ya kisima yana chumvichumvi zinazoharibu mabamba, na asidi haiongezwi nyumbani kwa sababu betri inapopungukiwa kinachokuwa kimepotea ni maji.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote: nani apewe mwanga kwanza?

Familia hiyo ilikubaliana kwa utaratibu ufuatao. Ya kwanza ni taa ya mama na mtoto mchanga, moja, usiku wowote atakaoihitaji. Ya pili ni taa ya masomo, saa mbili kila jioni, na watoto wote wanasomea meza moja badala ya kila mmoja na taa yake. Ya tatu ni simu za nyumbani, kwa sababu simu ndiyo inayoita usafiri mtoto akizidiwa usiku. Redio inafuata. Simu za majirani zinapokelewa tano tu, siku zenye jua, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakati ambao paneli inazilisha bila kugusa akiba ya usiku. Kontrola ikionyesha nyekundu, kila kitu kinazimwa isipokuwa taa ya mchanga.

Mapato yalipungua, na baadhi ya majirani walinuna. Baba aliwaeleza kwamba ni afadhali achaji simu tano mwaka mzima kuliko kumi na mbili hadi Juni. Mama naye aliacha kuziita "simu za watu" kwa kejeli, maana alishaona kwenye daftari kwamba simu tano za mchana hazimwibii mtoto chochote.

Lipo kundi jingine la familia ambalo tatizo lake ni kinyume. Hawa hawatumii betri kupita kiasi, wanaiacha. Wapo wanaohama na mifugo kiangazi kutafuta malisho na maji, wapo walimu wanaofunga nyumba wakati wa likizo, na wapo wanaokwenda mjini kuuguza ndugu kwa mwezi mzima. Betri ya asidi iliyokaa bure hupoteza chaji yake yenyewe, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi, na joto huongeza kasi hiyo. Ukiiacha nusu, ukiirudia utaikuta imeharibika.

Kabla ya kuondoka, ijazwe kabisa. Taa, redio na inveta vitolewe, maana inveta iliyoachwa imewashwa hunyonya umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Paneli iachwe ikiendelea kulisha betri kupitia kontrola, na jirani mwaminifu aombwe kuifuta vumbi. Kama paneli inahofiwa kuibwa na lazima ishushwe, betri ichomolewe ikiwa imejaa na isikae zaidi ya miezi miwili au mitatu bila kuchajiwa tena. Ile imani kwamba betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji inakwisha chaji ni ya zamani. Kasha la plastiki la siku hizi halina tatizo hilo.

Wenye vifaa vidogo vya sola vyenye betri ya lithiamu, kama vingi vinavyolipiwa kidogokidogo kwa simu, wana nafuu kidogo. Betri hizo hazidhuriki kwa kutojazwa kila siku, na zikihifadhiwa ni vizuri zaidi zikiwa karibu nusu. Lakini nazo hazipendi kuachwa tupu, na hazifunguliwi nyumbani kwa sababu zinaweza kushika moto.

Sasa lile ambalo mzazi hatakiwi kulisahau: betri hiyohiyo inayomletea mtoto mwanga inaweza kumdhuru.

Inapochajiwa, betri ya maji hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Kwa hiyo haikai chumba cha kulala, haikai jikoni, na hakuna anayechungulia maji yake kwa kiberiti au koroboi. Iwekwe mahali penye hewa, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, juu ya kimo cha mtoto anayetambaa. Asidi isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Ikimrukia jichoni au kwenye ngozi, aoshwe mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe kituo cha afya. Akiinywa, asilazimishwe kutapika, maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Awahishwe kwa wataalamu.

Na betri ikifa? Katika maeneo mengi zipo nyuma ya nyumba, watoto wanazikalia. Wengine huzivunja watoe risasi waiyeyushe. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto hunyonya risasi aliyomeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Huingia kupitia vumbi la mikononi na moshi wa kuyeyusha, hushambulia damu na ubongo, na kinachopotea ni uwezo wa mtoto wa kujifunza na kutulia. Ubongo ulioharibiwa na risasi haurudi ulivyokuwa.

Haya yameshatokea. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa ambao watu walikuwa wakichambua risasi kutoka kwenye betri chakavu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mtoto wake mchanga ana sumu ya risasi, akaanzisha harakati zilizompatia tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Getanuwas haina kiwanda, na hakuna anayehitaji kuogopa betri nzima iliyofungwa vizuri. Kinachohitajika ni kwamba betri iliyokufa isivunjwe, isimwagwe maji yake shambani, na isikae uani miezi. Irudishwe ikiwa nzima kwa muuzaji au fundi anayezinunua. Wengi hukata thamani yake kwenye bei ya mpya, hivyo ni fedha pia.

Binti wa nyumba ile bado ana daftari lake. Kila asubuhi kabla ya shule huandika namba ya kontrola: 12.5, 12.4, siku mbaya 12.1. Ikishuka chini ya 12.2 humwambia baba, na siku hiyo simu za majirani hazipokelewi. Baba habishi, kwa kuwa namba haina upande.

Mzazi mwenye sola asisubiri baridi imfundishe. Mwezi Aprili au Mei, mvua zikielekea mwisho, aite familia, wahesabu kinachoingia na kinachotoka, wakague maji na nyaya, na wakubaliane nani atapewa mwanga kwanza. Watoto nao wawepo kwenye kikao hicho, maana ndio wanaowasha na kuzima taa.